Nguzo ya Mwerezi na Rangi ya Viatu

Juzi nilipita pale mnapochongea, Isipingo, nikamkuta mmoja wenu anamsugua kifaru kwa rangi nyeusi ya viatu. Alikuwa amevaa soksi mkononi, anasugua kama askari anayengoja kukaguliwa. Nikamwambia aache. Akanijibu kwa adabu, "Babu, wateja wanataka mpingo." Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwenyewe, miaka ya mwisho ya tisini, katika jiji hili hili la Durban, na nilipoyasikia kwa mtu mwingine nilijua sura niliyokuwa nayo siku zile.

Basi nimeona niandike. Elimu yangu ni ya sekondari tu, niliyoipata Masasi, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Kijana mwenye kifaru asidhani nimekasirika. Nataka tu ajue sababu, yeye na ninyi wenzake.

Mimi ni Mmakonde, nanyi mnajua hilo kwa jinsi mnavyonicheka nikitamka Kizulu. Aliyenifundisha kuchonga ni mjomba wangu, kule Newala, na mti aliouheshimu ni mpingo peke yake. Mpingo ukiukata, nje una weupe kama mbao za sanduku, weusi uko ndani. Mjomba alikuwa akisema, "Weupe ni nguo ya mti, na mtu hachongwi na nguo zake." Tulipiga tezo mpaka weupe wote uanguke, ndipo kazi ianze. Nikiacha hata ukanda mdogo mweupe chini ya kisigino cha sanamu, alinirudishia kinyago mikononi. Nilikua nikiamini kwamba weupe katika mti ni uchafu. Ni somo zuri kwa mpingo. Nilichokosea ni kulibeba mpaka Durban na kulitumia kwa kila mti niliokutana nao.

Nilipofika Durban nilitandika turubai langu Warwick Junction, kwenye njia ya wauza dawa za miti shamba, nikijua pale watu hupita tangu alfajiri. Sikujua kwamba nimekaa mahali pa mtu. Akaja mwanamume mrefu mwenye mfuko wa gunia, akanitazama, akalitazama turubai, akaketi juu yake pembeni yangu kama mtu aliyealikwa. Alitoa kipande cha mti na kisu akaanza kazi. Tulichonga asubuhi nzima bila salamu. Mchana akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuvunjavunja, ambacho kilifanana na changu, akiniita ndugu kwa Kizulu, "Mfowethu, hilo ni twiga au ngazi?"

Huyo ndiye Bheki. Alitoka mashambani, huko Msinga, na alichonga fimbo na vyombo vya kukamulia maziwa. Twiga wangu kweli alifanana na ngazi. Mpingo hapa haupatikani kirahisi, nikawa nachonga mjakaranda unaokatwa kando ya barabara, mti laini ambao mkono wangu haukuuzoea. Nilikuwa naupiga kwa nguvu za mpingo nao ukanikimbia. Bheki alinifundisha kupunguza mkono. "Acha tezo lianguke lenyewe," alisema. "Wewe kazi yako ni kulionyesha njia." Hadi leo nikiwaona mnakaza mabega namkumbuka yeye.

Mjakaranda ni mweupe. Kwa hiyo nilipaka rangi ya viatu, kama wachongaji wengi wa barabarani walivyofanya, nikauza kwa jina la mpingo. Siku moja mama mmoja mtalii alirudi na tembo wake. Alikuwa amemwosha kwa sabuni hotelini, tembo akatoka mweupe kama yai. Nilitaka kuingia chini ya turubai. Bheki akamchukua tembo, akamgeuzageuza, akamwambia kwa upole, "Madam, huyu amezeeka. Tembo wa huku wakizeeka huota mvi." Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na akaondoka na tembo wake. Baadaye Bheki hakucheka. Aliniambia, "Leo nimesema uongo kwa ajili yako. Kesho uache mti uwe mti."

Sikumsikia. Nilidhani ni utani wa mtu asiyejua biashara.

Vyombo vyake vya maziwa vilikuwa na ukanda wa vinundu nje, safu juu ya safu, ambavyo Wazulu huviita amasumpa, yaani chunjua. Nilidhani ni mapambo. Akanipa chombo kimoja kilichopakwa mafuta, akasema nikishike, kisha akakipiga teke kutoka chini. Hakikuniponyoka, vinundu vilishika viganja. "Ng'ombe akirusha mguu, maziwa hayamwagiki," alisema. Kuchonga kinundu ni kazi ngumu kuliko kuchonga uso. Hukiweki juu ya mti. Unashusha mti wote unaokizunguka mpaka kibaki peke yake, na ukikosea mara moja kimekwenda, hakirudi.

Sasa nifike kwenye nguzo.

Kuna mtaa upande wa kusini wa jiji ambako wanaishi Waislamu wazaliwa wa hapa, ambao mababu zao walitolewa pwani yetu zamani za utumwa wakashushwa Durban. Wengine waliwaita Wazanzibari, ingawa wengi asili yao ni Wamakua, jirani zetu kabisa sisi Wamakonde. Enzi ya ubaguzi walihamishwa kutoka kwenye kilima chao, na ofisi zikawaandika leo kabila hili, kesho kabila lile, kwa kutazama ngozi na nywele zao. Katika miaka ile ya uhuru mpya walipata bustani ndogo ya umma, na kamati ya bustani ikataka nguzo ya kuchongwa isimame katikati, ya kuwakumbuka mababu. Dhoruba ilikuwa imeangusha mwerezi mkubwa kwenye shamba moja la milimani, na mwenye shamba akautoa bure.

Aliyenipeleka kwenye kamati ni Papa Didier, Mkongomani mwenye pikapu aliyebeba mizigo ya wachuuzi wa Warwick. Yeye pia ndiye aliyeuleta ule mti. Tulipoupakia, pikapu ilikaa chini kama kuku anayelalia mayai.

"Vieux, mzee," akaniambia, "hukusema ni muti ya namna hii. Ulisema muti. Hii ni muti na famille yake yote!"

"Twende polepole, Papa Didier."

"Polepole iko sawa. Mais robot ikiwa nyekundu sisimami. Nikisimama, camionnette yangu hii haitaondoka tena, tutazeekea pale."

Robot ni jina la taa za barabarani hapa kwetu, msije mkadhani alikuwa na mashine. Alisimama kwenye zote, akiomba Mungu kwa Kifaransa kwenye kila moja.

Mwerezi ulishushwa bustanini chini ya kibanda cha mabati, na kazi ilikuwa ya watu wawili, mimi na Bheki. Siku ya kwanza alikuja Bibi Zaituni. Alikuwa mkubwa wa ukoo, mwembamba, mwenye sauti ya kumfanya mtu asimame wima. Kiswahili chake alikirithi kwa nyanya yake, na ndani yake kulikuwa na Kimakua kidogo na Kizulu kingi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, bibi."

"Umetoka kulekule?"

"Ng'ambo tu ya mto, bibi. Ninyi upande ule, sisi upande huu."

"Basi tumejuana. Sikiliza, mwanangu. Macho usichonge. Wala pua, wala mdomo. Sisi hatusimamishi sura ya mtu. Lakini babu zangu nataka niwaone."

Nilirudi kwa Bheki nimechanganyikiwa. Mmakonde asiyechonga uso ni kama mpishi aliyekatazwa moto. Tuliukalia ule mti siku nyingi tukinywa chai na kubishana. Kisha Bheki akasimama, akaniacha nimekaa, akaanza kutembea kuelekea lango akanunue mkate. Nikamwona anavyokwenda. Nikapiga kelele, "Simama hapo hapo! Usigeuke!"

Ndivyo tulivyopata nguzo yetu. Watu waliojaa kuzunguka mti mzima, wanapanda, kila mmoja kaelekeza uso ndani ya mti, mgongo kwetu. Mnaona visogo, mabega, mizigo kichwani, mtoto kwenye mbeleko, mkono wa mtu umeshika upindo wa nguo ya aliye mbele. Hakuna jicho hata moja. Bibi Zaituni alipoona tulivyochora kwa mkaa alizunguka mti taratibu, akasema, "Eish. Ndivyo walivyoondoka kweli. Hakuna aliyewaona nyuso." Kisha akatukemea kwa kuacha vikombe vichafu.

Chini ya miguu ya wale watu Bheki akachukua ukanda mpana wa kwake mwenyewe, akachonga vinundu. Nilimwuliza ni vingapi, akasema hahesabu, anaita majina. Ng'ombe wa mama yake walichukuliwa wakati wa machafuko, nyumba ilipochomwa. Alikuwa akichonga kinundu na kusema, "Huyu ndiye mwenye doa mgongoni. Huyu alipenda kupiga teke. Huyu alikataa kukamuliwa na mtu mwingine ila mama." Kamati ilimwuliza ng'ombe wa Msinga wanaingiaje kwenye kumbukumbu ya Wamakua. Bibi Zaituni akajibu kabla yake: "Hata sisi tulichukuliwa. Waache ng'ombe wakae."

Mwerezi, vijana wangu, ni mti wa kuvutia na kuudhi. Msasa unazibwa na utomvu kabla hujamaliza eneo la kiganja kimoja, kwa hiyo msipoteze msasa. Noeni tezo mpaka linyoe nywele za mkono, mwisho wa kazi uwe ni alama ya tezo lenyewe. Maranda yake yakijaa kwenye kibanda kisicho na upepo, kichwa kinauma. Lakini harufu! Wanawake wa mtaa walikuwa wakipita na mifuko kuomba maranda, wayaweke kati ya nguo, nondo wasile. Vipofu wawili wa msikitini walikuja kila alasiri kukaa tu karibu na kuvuta pumzi. Na mguu wa nguzo msiuzike kwenye zege hata siku moja. Bheki aliwafanya watu wa manispaa watengeneze kiatu cha chuma kilichoinuka kutoka ardhini, maji yapite chini, mti ukauke. Zege hushika maji kama sifongo, na mti huanza kuoza pale pale msipoona.

Kosa langu lilianzia kwenye rangi ya mti. Ndani mwerezi ule ulikuwa mwekundu wa kahawia, nje mweupe wa siagi. Kwa kuwa watu wetu walizunguka mti mzima, na mahali pengine tezo lilizama zaidi, wengine walikuwa wekundu na wengine weupe, na mmoja, yule mama mwenye mbeleko, alikuwa na bega moja hivi na jingine vile. Bheki aliona ni sawa. "Mvua mbili tatu, jua kidogo, wote watakuwa na kijivu kimoja. Mti unajua kuzeeka, mfowethu. Wewe ndiye hujui."

Mimi kila nilipouona ule weupe nilisikia kinyago kikirudishwa mikononi mwangu. Halafu akapita mfanyabiashara mmoja wa vinyago, mtu niliyemuuzia siku nyingi, akatazama nguzo yetu akasema, "Kazi safi. Ila inafanana na sanduku la kufungia mashine." Akaenda zake. Hakujua alichofanya. Usingizi ulinipotea.

Siku zile Bheki alipata habari kwamba mama yake anaumwa, akaenda nyumbani. Aliniachia kazi ya kulainisha kingo tu, akasema akirudi tutausimamisha. Akaniachia na tezo lake dogo, ambalo hakuwa akimpa mtu.

Nilinunua rangi ya viatu, makopo ya kutosha jeshi. Niliyayeyusha kwenye sufuria juu ya jiko, nikapaka moto moto, iingie. Nilipaka migongo, mizigo, mbeleko. Nilipaka ukanda wa ng'ombe. Nilisugua kwa gunia mpaka nguzo ikang'aa, ikawa nyeusi kama vinyago vya mjomba wangu. Nawaambieni kweli: nilisimama mbele yake nikaona ni nzuri. Nikaona hatimaye nimechonga mpingo Durban. Harufu ya mwerezi ilikuwa imekufa, pakawa pananuka kama kambi ya askari, nami sikuona ubaya.

Bheki aliporudi aliingia kibandani, akasimama mlangoni. Alikuwa amebeba mfuko wa viazi vitamu kutoka kwa mama yake, zawadi yangu.

"Umechonga kiatu," alisema.

"Bhuti, ndugu yangu, subiri uone juani."

"Na ng'ombe pia?"

"Ilibidi vyote vilingane."

Aliweka viazi chini. Alipitisha kidole kwenye ukanda wake, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye shati langu, si kwa nguvu. Kisha akaondoka. Waliosaidia kusimamisha nguzo walikuwa Papa Didier na vijana wa manispaa.

Siku ya ufunguzi upepo wa moto ulishuka kutoka milimani, ule ambao hapa hufanya majira ya baridi yageuke tanuri kwa siku moja. Wazee walikuja na kanzu nyeupe, wanawake na mitandio iliyopigwa pasi, watoto na nguo za Idi. Bheki naye alikuja, na koti lake la kanisani, akasimama nyuma karibu na uzio. Hakuja kwangu, alikuja kwa kazi yake.

Bibi Zaituni aliwaita wazee wasogee. Wengi macho yalikuwa hafifu, akawaambia waitazame kwa mikono. Wakaweka viganja. Wakapapasa mabega, mizigo, ule mkono ulioshika upindo. Mzee mmoja alilia alipoufikia mkono ule. Kisha wakarudi nyuma, wakainua mikono, ikasomwa dua kwa ajili ya waliotangulia, na dua ilipokwisha, kama mnavyojua desturi, kila mmoja akajipangusa uso kwa viganja viwili.

Jua lilikuwa limeyeyusha ile rangi.

Kisha mtoto akacheka, na nje ya uzio, walikosimama watu wa kupita tu, vicheko vikapasuka. Mmoja akapaza sauti, "Wazee wamekuwa buti!" Wazee hawakujua kinachochekwa. Walitazamana, na kila mmoja akaona uso wa mwenzake ndipo akaufahamu wa kwake. Nimeona watu wakiaibika katika maisha yangu. Sijaona tena aibu kama ile, ya watu waliopimwa rangi na serikali miaka nenda rudi, sasa wamepakwa weusi mbele ya wajukuu zao, wakiwa wametoka kuwaombea mababu.

Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Nani amepaka hiki kitu?"

Watu wote walinigeukia. Nami nikajibu kwamba tulipaka mimi na mwenzangu. Nikanyoosha mkono kuelekea uzio. Bheki alikuwa ananitazama. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akatoka langoni.

Kamati ilitaka nguzo ing'olewe siku hiyo hiyo. Bibi Zaituni, akiwa na weusi mashavuni, alisema, "Ngojeni." Akanijia. Nilidhani atanipiga, na ningeona afadhali.

"Mwanangu," alisema polepole, "hatukuwa weusi wa kukutosha?"

Nikaficha mikono nyuma, naye akaendelea.

"Ukiweza kuusafisha, utakaa. Usipoweza, uuchome, na moto uuwashe wewe."

Nilijaribu petroli. Nilijaribu tapentaini, sabuni ya magadi, maji ya moto. Mwerezi ni mti wazi, una vinyweleo kama ngozi. Kila nilichopaka kiliibeba rangi kikaiingiza ndani zaidi. Siku ya tatu nilikaa chini mbele ya wale watu wenye migongo nikaelewa kwamba hata wao hawataki kunitazama.

Kabla ya kwenda kwa Bheki nilikwenda kwa Bibi Zaituni. Nilimwambia kwamba aliyepaka ni mimi peke yangu, mwenzangu hakuwepo na alikataa alipoona. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Najua."

"Nani alikuambia, bibi?"

"Kucha zako. Yeye alinipa mkono wa salamu siku ile, mkono msafi. Mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye uliyenisingizia?"

Nikapanda teksi hadi Warwick. Bheki alikuwa ametandika turubai jipya, peke yake.

"Bhuti," nikasema.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu gani?"

"Yule mliyepaka naye."

Wauza dawa wa pande zote mbili wakanyamaza ili wasikie vizuri. Nilipiga magoti, kwa Kizulu changu cha kuchekesha nikaomba radhi mbele yao, na hakuna aliyecheka. Bheki alichonga. Nilipomaliza aliniuliza, "Umejaribu nini?"

"Petroli."

"Petroli! Umeunywesha. Sasa umelewa, hautatapika." Akapuliza maranda kwenye fimbo yake. "Ni tezo tu. Uushushe mwili wote, mpaka ufike ambako rangi haikufika."

"Kila mahali?"

"Kila mahali ulipopaka."

"Nilipaka kila mahali, bhuti."

Alisimamisha kisu. Mgongo wa mtu ukiushusha unene wa kidole, unabaki mgongo. Mzigo unabaki mzigo, mdogo kidogo. Kinundu hakina unene wa kushushwa. Alijua hilo kabla sijasema, naye ndiye aliyenifundisha.

"Waache ng'ombe wabaki weusi," nikamsihi. "Tutawaambia watu wasiguse chini."

"Watoto ndio wanaogusa chini," alisema.

Alikuja asubuhi iliyofuata. Nilimrudishia tezo lake dogo. Mimi nilianza juu, yeye alianza chini, na hakutaka nimsaidie. Alikata safu baada ya safu. Hakuita majina. Nilipofika kwenye mama mwenye mbeleko nilisikia harufu ya mwerezi inarudi, kwanza kidogo, halafu ikajaa bustani, na wale vipofu wawili wakaja wakakaa mahali pao kana kwamba hakuna lililotokea. Wanawake walianza kuja na mifuko. Bibi Zaituni mwenyewe alifagia maranda, akatenga yale meusi ya kutupa na yale masafi ya kugawa.

Safu ya mwisho kabisa, upande wa kivuli, nilidhani rangi haikuingia sana. Nilishuka nikamwambia, "Ibakize hii, bhuti. Hii moja." Alilowesha kitambaa kwa mafuta, akakisugua juu ya vinundu, akanionyesha weusi kwenye kitambaa. Kisha akakata.

Tulipomaliza, ukanda wa chini ulikuwa laini, mweupe wa siagi, hauna kitu. Bibi Zaituni aliuzunguka mti mzima kwa mikono. Alipofika pale chini akauliza, "Na huyu kijana, ng'ombe wake wako wapi?"

Nikamfasiria Bheki. Bheki akajibu, akimwita bibi kwa Kizulu, "Wako kwenye mifuko ya akina mama, gogo. Wanalinda nguo." Wanawake wakacheka, naye akacheka kidogo, na mimi nikajifanya naokota vifaa.

Nguzo ilibaki. Wazee waliisomea dua upya, wakajipangusa nyuso, na uzio ulikuwa kimya. Bheki aliendelea kukaa Warwick miaka michache, lakini upande wa pili wa barabara. Alinisalimia kila siku, akaniuliza habari za nyumbani, akanicheka kwa twiga wangu. Turubai moja hatukulikalia tena. Baadaye alirudi Msinga kwa mama yake, na habari za kifo chake zilinifikia mazishi yakiwa yameshapita.

Kijana mwenye kifaru, na ninyi wote, siwaambii msifanye biashara. Nawaambia mti una rangi yake, na mteja anayeitaka nyingine anunue mti mwingine. Na kama kazi ni ya mikono ya watu wawili, lawama zikija, tajeni mikono iliyokosa tu.

Siku mkipata nafasi, nendeni kwenye ile bustani. Nguzo sasa ni ya kijivu kutoka juu hadi chini, kama Bheki alivyosema. Migongo mtakayoiona ni yangu, na watu huisifu. Kazi ya Bheki hamtaikuta mkiitafuta kwa macho. Wekeni kiganja kwenye mti, pale chini alipokata ng'ombe wake, kikandamizeni, kisha kitazameni. Kitakuwa safi. Huko kuwa safi ndiko alikokuchonga yeye.